TAHADHARI: yule mama wa kazi za Thailand amerudi na ukurasa mpya

Jameni jana usiku nimeona tangazo mikono ikaanza kutetemeka. Ni yeye. Amebadilisha jina la ukurasa lakini maneno ni yale yale, kastoma kea Bangkok, dola 1,000 kwa mwezi, nyumba na chakula juu ya kampuni.

Najua wengine mtasema nilikuwa mjinga, sawa semeni. Lakini ofisini kwake niliingia kwa miguu yangu, ghorofa ya tatu, kuna risepshoni, kuna cheti ukutani kwa fremu. Akanipa chai. Akaniuliza mguu wa mamangu unaendeleaje, maana wanasali pamoja, na hapo ndipo nilipokwisha. Kisha akapiga simu ya video, akatokea Mchina mmoja wa shati jeupe, "habari rafiki, karibu sana", akanipa mtihani wa kuchapa, nikachapa, akapiga makofi. Sasa mwizi gani anakupima spidi ya kuchapa? Nikatoa 250,000, na zile za chama mnajua zilivyopatikana.

Bangkok nikakuta dereva ameshika karatasi ina jina langu, hata herufi moja haijakosewa. Nikamtumia mathe picha. Tukaenda, tukaenda, usiku tukabadilisha gari mara mbili, nikafungua ramani kwa simu naona Mae Sot, mpakani kabisa na Myanmar, karibu kilomita 500 kutoka Bangkok. Nikamuuliza, akaandika kwa programu ya kutafsiri akanionyesha: ofisi mpya, tulia. Na mimi nikatulia! Hiyo inaniuma kuliko vipigo vyote. Mto Moei wenyewe si mpana, nikavushwa na sutikesi yangu kama mtu anaenda harusini.

Ng'ambo ni Myawaddy, Myanmar. KK Park, ile kambi ya matapeli, mnaisikia kwa habari, yangu ilikuwa nyingine, lakini kuta ni zile zile, waya juu, bunduki getini, mabosi Wachina. Paspoti ikachukuliwa. Kazi masaa 16, unajifanya msichana tajiri unatongoza wazee wa Marekani mpaka waweke pesa kwa kripto feki. Wenyewe wanaita sha zhu pan, yaani nguruwe unamnenepesha kwanza ndio umchinje. Usipofikisha tageti ni kurushwa kichura ama shoti ya umeme, na ukitaka kutoka ujikomboe kwa maelfu ya dola kwa sababu eti tulikununua. Mlininunua kwa nani? Kwa huyo mama anayeombea wagonjwa!

Na msifanye hii mambo ya rangi, chumbani kwetu kulikuwa na kijana Mchina wa Yunnan aliyeletwa na binamu yake, analia usiku kama sisi tu.

Bahati, Januari 2025 yule muigizaji wa China Wang Xing akapotelea huko huko, China ikaja juu, Februari Thailand ikakata umeme, mafuta na intaneti, ndio tukaanza kutolewa kama ng'ombe wa mnada, zaidi ya watu 7,000. Wiki kadhaa tunalala sakafuni tukingoja nani atalipa tiketi.

Na yeye yuko hapa, amesuka, anapiga selfi. Afungwe. Kwanza kabla hajafungwa akalishwe kwenye kile kiti cha plastiki masaa 16, ajifanye msichana, na asipofikisha tageti naomba niwe mimi nashika ile shoti. Samahani mathe ukisoma hii.

Dalili mnataka? Viza ya utalii, eti itabadilishwa ukifika. Mkataba hauna anwani ya kampuni. Ukitaja kuuliza ubalozi anakasirika, mimi aliniambia "basi nitampa mtu mwingine nafasi" nikaomba msamaha, fikiria. Zingine nitaandika nikitulia.

Namba ya OB ya polisi ninayo. Tuko wanne tayari, kama ulipitia kwake njoo inbox, jina lake siweki hapa juu.

Na wewe wa shati la bluu kwa picha yake mpya, umeshika paspoti unatabasamu, sikujui lakini nitafute leo leo. Watu wake huwa wanasafiri Alhamisi.