Ofisi ya makaratasi ya Mtaa wa Biashara, na namba za cheti cha NYSC cha Nigeria

Kama una cheti cha NYSC, yaani utumishi wa taifa wa vijana wa Nigeria, mkononi na fomu ya Kenya mbele yako, panda Mtaa wa Biashara kabla hujajaza kitu. Orofani, juu ya maduka ya leso, kuna ofisi ndogo ya kuandaa makaratasi. Ina meza mbili, printa moja na feni ya ukutani, na mwenyewe ni mama wa makamo ambaye hagusi kibodi mpaka awe amesoma cheti chako kutoka juu hadi chini. Nimekwenda kwake na shemeji yangu, nikaona kazi anayoifanya, na nataka watu wa Mombasa waijue.

Shemeji, mume wa mdogo wangu, ni mtu wa Katsina. Alisoma kemia Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kule Zaria, kisha akatumikia taifa mwaka mmoja kama sheria yao inavyotaka. Sasa makao yake ni Kisauni, na shule moja ya binafsi ilitaka kumchukua afundishe kemia. Kwenye fomu yao palikuwa na kisanduku cha namba ya utambulisho ya cheti cha utumishi. Saiba ya kwanza tuliyoingia, ambayo siitaji jina, ilichukua namba ya kwanza iliyoonekana katika bahasha, ikaiandika, ikachapisha, ikadai pesa yake. Fomu ikarudi. Karani wa shule aliuliza mambo mawili: mbona namba hii haiko kwenye cheti chenyewe, na tena huyu bwana huko NYS alifunzwa ufundi gani, udereva au useremala?

Swali la pili lilimchoma shemeji kuliko la kwanza. Simlaumu karani. Kwetu Kenya NYS (National Youth Service) ni ile iliyoanzishwa 1964, ambayo vijana huingia wakavaa sare, wakapiga gwaride, na wengi wakatoka na ufundi. NYSC ya Nigeria ni jambo jingine kabisa. Iliundwa tarehe 22 Mei 1973, wakati wa Jenerali Yakubu Gowon, miaka mitatu baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika, na shabaha yake ilikuwa kuwachanganya vijana wa nchi iliyotoka kuchinjana. Anayeingia ameshamaliza chuo kikuu, au ana diploma ya juu ya politekniki. Hukaa kambini wiki tatu, kisha hupangiwa kazi katika jimbo ambalo kwa kawaida si la kwao. Shemeji, mtoto wa kaskazini aliyekulia kwenye Kihausa, alipelekwa Enugu, nchi ya Waigbo, kambi ya Awgu, halafu akafundisha kemia sekondari ya huko mpaka mwaka ukaisha. Kwa hiyo cheti kile ni ushahidi kwamba huyu bwana alikwisha kuwa mwalimu wa kemia kabla hajaiona Mombasa, na karani alikuwa akikisoma kama cheti cha useremala.

Haya yote mama wa Mtaa wa Biashara aliyatoa kwa maswali. Alimkaribisha, "Kaa, mwanangu, hebu nione ulichonacho," akatandaza kila karatasi mezani, akaweka miwani. Hakuuliza tunataka kopi ngapi. Aliuliza ulimaliza lini, uliitwa lini, ulipelekwa wapi, ulimaliza utumishi lini, na kila jibu akalitafuta kwenye karatasi kwa ncha ya penseli. Alikuwa karani wa uwakala wa meli miaka mingi kabla ya kufungua ofisi hii, na inaonekana.

Sasa namba zenyewe, maana hapo ndipo watu hupotea. Mhitimu wa Nigeria aliyetumikia taifa hutoka na namba tatu zisizofanana, na kila moja ina kazi yake.

Ya kwanza ni namba ya wito. Hii huanza na NYSC, ikafuata mkato, kisha herufi za chuo alichosoma, mwaka, na mwisho tarakimu zake mwenyewe. Ya shemeji huanza NYSC/ABU/2014. ABU ni Ahmadu Bello. Ipo kwenye barua ya kumwita kambini. Mama alituambia ni kama namba ya kontena pale bandarini: herufi za mbele zinakwambia kontena ni la nani, tarakimu zinakwambia ni lipi hasa. Namba hii ndiyo ninayoiona mimi kuwa ya thamani zaidi kwa mwajiri, ingawa fomu nyingi haziiulizi kabisa. Herufi zake zikiwa za chuo kimoja na digrii ikiwa ya chuo kingine, hapo pana maswali ya kuulizana kabla ya mkataba kusainiwa.

Mwaka uliomo ndani yake unataka uangalifu. Ni mwaka wa kuitwa, na mtu anaweza kumaliza masomo mwaka mmoja akaitwa mwaka unaofuata. Digrii ya shemeji ni ya 2013. Karani angeweza kuona 2013 huku na 2014 kule akadhani kuna ujanja. Mama aliliona pengo hilo kabla yetu, akauliza, na shemeji akamweleza jinsi wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma vya Nigeria walivyogoma kuanzia Julai hadi Desemba 2013, mambo yakasogea mbele. Mama akaliandika katika karatasi ya maelezo, mstari mmoja tu, bila kupamba.

Ya pili ni msimbo wa jimbo. Hii ndiyo saiba ya kwanza iliyoiandika pasipo pake. Ya shemeji ni EN/14B, na tarakimu nne nyuma yake. EN ni Enugu alikotumikia, 14 ni mwaka 2014, na B ni kundi lake, kwa kuwa vijana huitwa kwa makundi ndani ya mwaka. Aliyetumikia Lagos ataandikiwa LA, wa Kano KN, wa mji mkuu Abuja FC. Nigeria ina majimbo 36 pamoja na eneo la Abuja, kwa hiyo herufi hizo ziko nyingi. Msimbo huu humtambulisha kijana akiwa ndani ya utumishi, upo kwenye barua ya kumpangia kazi, na huko ndiko saiba ile ilikoutoa. Hauonyeshi alikozaliwa wala alikosoma. Niliona ofisini mle jinsi mtu anavyoweza kushtuka: chuo Zaria, jimbo la Kaduna, utumishi Enugu, kwao Katsina. Kwa Mkenya asiyeijua NYSC, hayo yanaonekana maisha ya watu watatu. Kwa Mnigeria ndivyo inavyotakiwa iwe, maana mpango wenyewe uliwekwa ili mtu atoke kwao.

Ya tatu ndiyo iliyokuwa ikitafutwa: namba ya cheti. Kwenye cha shemeji iko juu upande wa kulia, herufi A na mlolongo wa tarakimu. Haina herufi za chuo wala za jimbo, haina mwaka. Hiyo ni namba ya karatasi yenyewe, na ukiitazama peke yake haikuambii lolote juu ya aliyeishika. Ndiyo sababu mama hakuiandika peke yake. Katika karatasi ya maelezo aliziweka zote tatu, kila moja na jina lake kamili, na karatasi ilikotoka. Kwenye kisanduku cha fomu akaweka ile ya A tu, kama ilivyoombwa.

Shemeji alimwomba aweke na muhuri wa kuonyesha kwamba cheti ni halali. Alikataa papo hapo, kwa upole. "Mwanangu, mie nasoma cheti, sikithibitishi. Anayetaka kujua kama ni chao, aandike kwao Abuja." Nilimheshimu sana hapo. Mjini humu kuna watu watakaokugongea muhuri wowote ukiwapa mia tano, na muhuri wa namna hiyo siku moja utamfunga mtu asiye na hatia. Kwa kopi za kuthibitishwa alituelekeza kwa wakili, tukaenda Nkrumah Road tukamaliza. Kwa digrii alituambia njia ni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, ambayo ndiyo hutambua na kulinganisha digrii za nje hapa Kenya, na kwamba cheti cha NYSC hakichukui nafasi ya digrii hata kidogo. Hilo nalo lilikuwa la kuambiwa, kwa sababu mdogo wangu alikuwa anafikiri kimoja kitatosha.

Kwa Wanigeria wenyewe cheti hiki si mchezo. Sheria yao ya 1993 inamtaka mwajiri akidai kwa mhitimu kabla hajamwajiri. Mwaka 2018 waziri wao wa fedha, Kemi Adeosun, alijiuzulu baada ya cheti chake cha kusamehewa utumishi kudaiwa kuwa cha kughushi. Mwaka 2021 mahakama ikaamua kwamba kikatiba hakulazimika kuwa nacho ili awe waziri. Na hicho cha kusamehewa ni cheti kingine kabisa, hupewa kwa mfano aliyehitimu akiwa ameshapita miaka 30. Mwajiri wa hapa akikiona asimwambie mtu kwamba ameleta cheti pungufu. Mama anazijua tofauti hizi, na alimuuliza shemeji umri aliohitimu nao kabla ya kufungua karatasi.

Jambo jingine lililonipendeza: hakubali kulamineti cheti asilia. Shemeji alitaka, kwa kuwa hewa yetu ya chumvi imeshaanza kukunja kona. Alimkatalia, akamuuzia bahasha ngumu ya plastiki ya shilingi 50, akasema karatasi iliyobanwa moto haikaguliki tena. Na tulipomaliza, alifungua kompyuta mbele yetu akafuta skani zote, akatuonyesha folda tupu. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, lakini ni wangapi madukani wanaokufutia bila kuombwa? Cheti chenye jina na namba kikibaki kwenye kompyuta ya kila mtu, kuna atakayekitumia. Kwa sababu hiyo hiyo, tafadhali msitume picha za vyeti kwenye magrupu ya WhatsApp ya kutafuta kazi.

Kasoro zipo, na zinafaa kusemwa. Ngazi ni nyembamba na kali. Mzee au mtu wa magongo atapata taabu, na hakuna lifti. Mahali pa kungojea ni benchi moja, na mchana jua likigeuka joto la chumba lile ni la kutesa. Wino wa printa ulikuwa hafifu, ikabidi kopi mbili zirudiwe, ingawa hakutulipisha za kurudia. Simu haishiki kwa urahisi, kwa hiyo usitegemee kupiga kuuliza, nenda mwenyewe. Ijumaa hufunga mapema kwa swala na hurudi akitaka. Na hana haraka. Ukiwa na fomu ya kufungwa saa sita mchana, ukaingia saa tano, utaudhika, kwa sababu hataacha kusoma ili akupendeze.

Bei: kusoma na kuandaa faili zima la shemeji, pamoja na karatasi ya maelezo, ilikuwa shilingi 800. Skani ni 20 kwa ukurasa, kopi 5. Unalipa kwa M-Pesa au taslimu. Saiba ya kwanza ilituchukulia 300 kwa fomu iliyorudi, kwa hiyo nani ghali hapo mtahesabu wenyewe.

Shule ilipokea fomu ya pili. Karani alisoma karatasi ya maelezo mbele yetu, akanyamaza kidogo, kisha akamuuliza shemeji kuhusu Enugu na wanafunzi aliowafundisha huko, yaani swali alilolistahili tangu mwanzo. Shule imesema itaandika yenyewe NYSC na Zaria kuuliza, na digrii iko njiani kwenda Tume. Shemeji sasa anangoja.

Ukienda, beba cheti asilia, barua ya wito na barua ya kupangiwa kazi kama bado unazo, digrii na matokeo yake, na pasipoti. Shuka Posta, vuka Digo Road, ingia Biashara, uliza ofisi ya makaratasi ya orofani. Wauza leso wote wanamjua. Fika asubuhi.