Gari la kukodi la kujiendesha Chennai na Vellore: uzoefu wangu kama mgeni kutoka Tanzania

Watanzania wengi wanaofika Chennai huletwa na matibabu, nami nilifika kwa sababu hiyohiyo. Nilimsindikiza mama mkubwa, ambaye baada ya upasuaji alitakiwa kubaki India kwa majuma kadhaa akihudhuria kliniki, mara Chennai kwenyewe, mara Vellore, mji ulio kilomita zipatazo 140 upande wa magharibi. Kumwita dereva wa teksi kila tulipohitaji kutoka kulimchosha mgonjwa, hasa pale tulipoachwa tukisubiri juani, kwa hiyo nikakodi gari dogo la kujiendesha kutoka kampuni moja ya hapo mjini. Huduma yenyewe ni nzuri na ninaipendekeza kwa masharti. Masharti hayo ndiyo ninayotaka kuyaeleza kwa kirefu, maana hayamo kwenye tangazo la kampuni wala kwenye mkataba, na yanagusa uhai wa watu.

India magari hupita kushoto kama kwetu, usukani uko kulia, na gari nililopewa, Maruti Suzuki Swift ya gia za mkono, halina kitu ambacho dereva wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala hajawahi kukishika. Unaketi, unafunga mkanda, unaondoka. Mgeni kutoka Ujerumani au Marekani huanza na hofu, na hofu hiyo humlinda. Sisi tunaanza na mazoea, na mazoea hayo ndiyo yanayotuponza, kwa kuwa mambo mengi ya barabarani India yanafanana na yetu kwa sura huku yakiwa na maana nyingine kabisa.

Nianze na kibao cha namba, kwa sababu hapo ndipo fedha na sheria zinapokutana. Tanzania gari la mtu binafsi lina kibao cha njano na gari la biashara lina kibao cheupe. India ni kinyume chake, cheupe ni cha gari binafsi na cha njano ni cha gari la biashara lenye dereva. Gari la kukodi la kujiendesha lina aina yake ya tatu, kibao cheusi chenye maandishi ya njano. Katika mitaa yenye nyumba za kulala wageni karibu na hospitali hukosi mtu atakayekupa gari la kibao cheupe kwa bei ya chini, akikuhakikishia kwamba hakuna tatizo. Tatizo lipo, kwa kuwa gari hilo halijasajiliwa kwa ajili ya kukodishwa, na likipata ajali kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa, ukabaki wewe mgeni, pasipoti yako na mgonjwa wako mbele ya polisi. Nilikataa magari ya namna hiyo, nikalipa zaidi kwa kibao cheusi, na ningefanya hivyo tena. Omba uone cheti cha bima kabla ya kulipa, na uulize waziwazi kama ni bima kubwa au ni ile ndogo ya kulipa mtu wa tatu ambayo sheria inailazimisha kwa kila gari, kisha uulize ni kiasi gani utakachodaiwa wewe mwenyewe gari likiumia.

Upande wa leseni haukunisumbua. Kabla ya kusafiri nilichukua kibali cha kimataifa cha udereva kwa Automobile Association of Tanzania. Kampuni ilidai kibali hicho pamoja na leseni ya nyumbani, pasipoti na viza. Askari walionisimamisha njiani nao walitaka kuona vyote, kwa hiyo usiache leseni yako ya Tanzania hotelini kwa kudhani kijitabu cha kimataifa kinatosha.

Siku ya kukabidhiwa gari nilitumia muda mrefu kuliko mfanyakazi wa kampuni alivyopenda. Nilipiga picha kila mkwaruzo, nikakagua tairi ya akiba, jeki na breki, nikahakikisha stika ya FASTag, inayolipia tozo za barabara kielektroniki, imebandikwa kwenye kioo cha mbele na ina salio, kwa sababu tangu Februari 2021 gari lisilo nayo hutozwa zaidi kwenye vituo vya tozo vya barabara kuu za kitaifa. Kisha nikafungua kiti cha nyuma. Vishikizo vya mikanda vilikuwa vimefukiwa chini ya kitambaa cha kiti, jambo la kawaida katika magari ya India, na mfanyakazi alishangaa nilipokataa kuondoka kabla havijatolewa. Sheria ya India inamtaka abiria wa nyuma naye afunge mkanda, na nchi nzima ilikumbushwa jambo hilo Septemba 2022, alipofariki Cyrus Mistry, mwenyekiti wa zamani wa Tata Sons, katika ajali ya gari huko Palghar akiwa amekaa nyuma bila mkanda. Mama mkubwa angekaa nyuma kila safari. Sikuwa tayari kujadiliana juu ya hilo.

Sasa barabara yenyewe, na hapa naomba msomaji asome taratibu. Kwetu dereva anayekuja mbele yako akikumulika taa mchana, ama anakupa nafasi upite, ama anakutahadharisha kuwa trafiki wako mbele. Tamil Nadu, jimbo lenye Chennai na Vellore, mmuliko huohuo humaanisha kwamba yeye anapita na wewe subiri. Fikiria hatari yake kwenye daraja jembamba au pale unapotaka kukata kulia: unamwona dereva wa basi anakumulika, unamshukuru kwa kuinua mkono, unaingia, na yeye hajapunguza mwendo hata kidogo. Nilijiwekea kanuni kwamba taa ya mwenzangu kamwe si ruhusa, na kwamba nitaingia pale tu ninapoona magurudumu yake yanapunguza kasi.

Indiketa za malori nazo ni hivyohivyo. Kwenye barabara ya Dar es Salaam kwenda Morogoro, dereva wa lori akiwasha indiketa ya kushoto anakuambia mbele ni peupe, pita. Akiwasha ya kulia anakuonya ubaki nyuma. Katika barabara kuu za India nimekuta madereva wa malori wanaowasha ya kulia ili kukuambia upite upande wao wa kulia, na wengine wanaowasha hiyohiyo kwa sababu kweli wanakata kulia kwenye uwazi wa tuta la katikati. Huwezi kujua ni yupi kati yao. Dawa yake ni kutoipita lori yoyote kwa kuitegemea indiketa, bali kurudi nyuma hadi uone barabara kwa macho yako, kupiga honi, kisha kupita. Taa za hatari, zile nne zinazowaka pamoja, baadhi ya madereva huziwasha njia panda kuonyesha kuwa wananyoosha moja kwa moja, nazo zinachanganya kwa sababu ukiwa ubavuni unaiona moja tu na unadhani anakata upande wako.

Honi ilinichukua muda kuizoea. Dar es Salaam kumpigia mtu honi kunaweza kuwa ugomvi, lakini Chennai honi fupi ni taarifa kwamba upo hapo, na nyuma ya malori mengi imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba upige honi. Mwendesha pikipiki wa kule mara nyingi hatazami kioo, bali anasikiliza. Kumpita bila honi ni kumtokea ghafla asiyekutarajia, naye anaweza kuyumba kulia kukwepa shimo wakati uko sambamba naye. Hilo si jambo dogo: takwimu za wizara inayohusika na barabara kuu zinaonyesha kuwa mwaka 2022 watu 168,491 walikufa barabarani India, na asilimia 44.5 kati yao walikuwa kwenye vyombo vya magurudumu mawili. Tamil Nadu mwaka huo ndilo jimbo lililoandikisha ajali nyingi kuliko yote, 64,105. Kila nilipoona baba, mama na watoto wawili juu ya pikipiki moja, niliwaachia nafasi kubwa kuliko niliyodhani wanahitaji.

Katikati ya jiji sikushauri mgeni aendeshe, na mimi mwenyewe niliacha mapema. Bajaji hujaza kila uwazi unaouacha mbele yako, mabasi ya jiji huingia kituoni kwa mshazari, magari ya kubeba maji hukimbia kama yanawahi moto, na pale Kathipara, makutano makubwa yenye barabara zinazozunguka na kupandana, ukikosa tawi lako hakuna kusimama wala kurudi, unakwenda hadi upate mahali pa kugeuzia. Chennai unaweza kumkodi dereva kwa saa, akaendesha gari lako lilelile la kukodi. Kabla ya kufanya hivyo niliiuliza kampuni, ikaandika jina lake kwenye mkataba, maana bila hivyo bima ingekuwa na shaka. Yeye alitutoa hadi nje ya msongamano, akashuka na kupanda basi kurudi, nami nikashika usukani. Kwa gharama yake ndogo, huo ndio mpango bora niliouona, na sielewi kwa nini kampuni za kukodisha haziutangazi kwa wageni.

Barabara kuu ya kitaifa namba 48, inayokwenda Vellore na kuendelea hadi Bengaluru, ni pana na ina tuta la katikati, na mgeni akiiona hudhani shida imekwisha. Malori mazito huko hupenda kukaa njia ya kulia, ile ambayo kwetu ni ya kupitia, na hivyo unalazimika kuyapita kushoto, upande ambao dereva hakuoni vizuri na ambao pikipiki, mikokoteni na watembea kwa miguu wanautumia. Huko huko kushoto utakutana na gari linalokuja kinyume, kwa sababu dereva wake hakutaka kwenda mbali kutafuta uwazi wa kugeuzia. Nilibaki na mwendo wa kilomita 70 hadi 80 kwa saa hata pale wengine waliponiacha mbali, nikiweka umbali wa kuniwezesha kusimama mbele ya kitu kinachonijia usoni. Kampuni ilikuwa imefunga kifaa cha kufuatilia mwendo na kutoza faini dereva akizidisha, na ninawasifu kwa hilo. Angalia pia vizuizi vya chuma ambavyo polisi huviweka kwa kupishana katikati ya barabara ili kupunguza mwendo, pamoja na matuta yasiyopakwa rangi karibu na vijiji. Mchana unaviona, usiku unavikuta.

Usiku sikuendesha nje ya jiji, na hili ninalisisitiza kuliko yote. Taa kali hazishushwi, matrekta hayana taa za nyuma, na ng'ombe hulala juu ya lami kwa sababu ina joto. Miadi ya Vellore tuliipanga ya asubuhi ili tuwe tumerudi kabla ya magharibi, na ilipochelewa tulilala hukohuko. Oktoba hadi Desemba ongeza mvua: hiyo ndiyo masika ya Chennai, jiji lililofurika vibaya Desemba 2015 na tena Desemba 2023 kwa kimbunga Michaung, na njia zinazopita chini ya reli hujaa maji haraka. Usiingie kwenye maji ambayo huoni gari lingine likitoka upande wa pili.

Kuhusu dharura, simu ya gari la wagonjwa Tamil Nadu ni 108, nayo haina malipo. 112 ni ya dharura zote. 1033 ni ya msaada kwenye barabara kuu za kitaifa. Niliziandika kwenye karatasi na kuibandika juu ya dashibodi, pamoja na jina la nyumba tuliyofikia na simu ya daktari, ili atakayetukuta aweze kuzisoma. Ukimkuta majeruhi usiogope kusaidia: marekebisho ya Sheria ya Magari ya mwaka 2019 yanamlinda anayemsaidia majeruhi kwa nia njema asishtakiwe kwa msaada wake.

Kasoro za kampuni niliyoitumia ni mbili. Simu ya huduma kwa wateja ilipokelewa haraka nilipokuwa ninataka kukodi, na taratibu mno taa ya injini ilipowaka njiani. Nilisubiri kivulini na mgonjwa hadi fundi wao alipofika. Pili, wakati wa kurudisha gari walitaka kukata sehemu ya dhamana kwa mkwaruzo wa bampa ya nyuma, wakanyamaza nilipowaonyesha picha ya siku ya kwanza yenye tarehe, na fedha zikarudi kwenye kadi yangu baada ya siku chache. Dhamana lipa kwa kadi, si taslimu, na risiti ya mwisho inayosema gari limepokelewa bila dai omba upewe papo hapo, kabla hujakabidhi ufunguo.