TAHADHARI: Kuna mtu anauza kadi ya picha (graphics card) ya GTX 1050 Ti feki, kanipiga mimi

Wakuu, nimepigwa. Naandika kwa hasira, na aibu pia ipo, maana mimi ndiye niliyekuwa nawaambia wengine wawe makini na vitu vya mtumba vya mtandaoni.

Nilikuwa natafuta kadi ya kuchukua nafasi ya ile ya zamani. Nikampata huyu jamaa anauza GTX 1050 Ti ya 4GB. Sikukurupuka. Nilimwomba picha, akatuma sita. Nikaomba video, akairekodi usiku uleule: kompyuta inawaka, feni inazunguka, anafungua dirisha la Windows na jina linasomeka wazi, NVIDIA GeForce GTX 1050 Ti, chini yake 4GB. Akasogeza simu hadi karibu kugusa skrini. "Umeona mwenyewe kaka, mimi sina longolongo." Nani asingeamini? Jina nimelisoma kwa macho yangu. Nikatuma hela yote palepale, mzigo bado uko kwake.

Kadi ikaja imefungwa vizuri, na flashi yenye draiva ndani, yaani programu ya kuiwezesha kompyuta kuitumia kadi. Akanisisitiza nitumie hiyo tu, ile ya NVIDIA, kampuni yenye chipu hizi, nisiiguse. Nikamshukuru! Nikaona huyu anajali wateja.

Siku hiyohiyo gemu zikaanza kujifunga. Nyepesi zinakwenda. Nzito unacheza dakika kumi, ukiingia tu eneo lenye majengo mengi picha inaganda, sauti inakwaruza, unajikuta umerudi kwenye desktopu bila ujumbe wowote. Mara nyingine skrini ya bluu. Nikampigia. "Hiyo ni RAM yako bosi wangu." Nikapima RAM kwa MemTest86 usiku kucha, haina kosa hata moja. "Basi pawa saplai yako ni ndogo." Nikanunua mpya. Wiki mbili nzima nafuta Windows na kuiweka upya, na yeye ananielekeza kwa upole huku akijua fika alichoniuzia. Hilo linaniuma kuliko hela.

Mdogo wangu ndiye aliyeniambia nifungue GPU-Z, programu inayoonyesha taarifa za kadi. Mbele ya jina la kadi limekaa neno FAKE. Sikukubali. Nikafungua skrubu, nikaondoa feni na bati lake, nikafuta ile pasta ya kupitisha joto kwa pamba na spiriti, nikamulika tochi kwenye chipu, imeandikwa GF116. Chipu ya 1050 Ti ni GP107. GF116 ni ya GTX 550 Ti, ya mwaka 2011! Wameandika upya BIOS, programu ndogo iliyo ndani ya kadi, ili kadi ijitaje kwa jina lisilo lake na kudai 4GB, wakati kumbukumbu ya kweli nimeipima ni 1GB. Gemu inaamini nafasi ipo, inapakia, ikivuka hapo inaanguka. RAM na pawa saplai vilisingiziwa bure.

Nilipomtumia picha ya chipu akanibloku. Huyu ni mwizi kama mwizi mwingine yeyote, afungiwe akaunti, apelekwe polisi, alipe kila aliyemtapeli. Asiambiwe tu "arudishe hela yaishe". Mtu anayefuta BIOS na kuandika nyingine hajakosea bahati mbaya, kakaa chini kapanga.

Kabla sijasahau, dalili: kadi ilikuwa na tundu la VGA, lile la waya wa skrini za zamani. 1050 Ti halisi haitoi VGA, wala kadi yoyote ya kizazi cha GTX 10. Tundu lilionekana kwenye zile picha na mimi nilikuwa naliangalia tu. Halafu hiyo draiva ya kwenye flashi. NVIDIA waliacha kuzitolea chipu za kizazi cha GF116 draiva mpya tangu 2018, ndiyo maana alinikataza. Dirisha la Windows lisikuridhishe, linasoma kilichoandikwa kwenye BIOS. Dai picha ya GPU-Z, toleo jipya.

Aliyewahi kununua kwake anitafute inbox tukaripoti pamoja. Akaunti bado iko hewani, na leo asubuhi kaweka tangazo jipya kwa picha zilezile sita.