Tagi lako la kwanza: betri ya asidi au ya lipo?

Ukiunda tagi la umeme la mita moja, mfano mdogo wa yale maboti yanayovuta meli bandarini Kilindini, lazima litiwe uzito tumboni ndipo likae sawa majini. Hapo betri ya asidi ya volti 12, ile ya alamu za nyumba, inakuwa betri na farumi kwa mpigo. Iweke katikati, chini kabisa.

Lipo, yaani betri ya lithiamu-polima, ya seli 3, volti 11.1, ni nyepesi mno. Kwa boti ya mbio sina ubishi, chukua hiyo. Ila inataka chaja yake maalumu, seli isishuke chini ya volti 3, na ikitobolewa huweza kuwaka. Yangu ilivimba kama mahamri.

Maji ya chumvi ya Tudor, Mombasa, hayachagui betri: paka grisi kwenye viungo vya waya.