Nililipia kilele cha Longonot, nikaishia ukingoni

Nisingekuwa na lalamiko lolote kama kampuni iliyotuchukua kutoka Nakuru hivi majuzi ingetangaza safari ya korongo la Hell's Gate peke yake, kwa sababu korongo lilinifurahisha kuliko nilivyotarajia. Lakini tangazo lao lilisema kwa herufi kubwa kwamba asubuhi tungepita korongoni na mchana tungesimama kwenye kilele cha Mlima Longonot, na pesa zangu walizipokea kwa ajili ya kilele hicho.

Korongoni tuliongozwa na kijana wa Kimaasai wa papo hapo, na huyo sina neno baya juu yake. Kabla ya kututeremsha aliyatazama mawingu ya upande yanakotokea maji, akatueleza kwamba mvua inaweza kunyesha mbali huku nyinyi mnawakiwa na jua, kisha mafuriko yakawakuta ghafla katikati ya kuta zilizokaribiana, na kwamba ndivyo watu walivyofia humo mwaka 2012 na tena mwaka 2019. Kila tulipoingia sehemu nyembamba alitangulia kutuonyesha pa kupandia kukiwa na hatari, na penye maji ya moto yanayochuruzika ukutani hakuturuhusu kugusa mpaka ayajaribu yeye mwenyewe. Kiongozi wa kampuni alikuwa nyuma na simu yake, akitusihi tuharakishe kwa kuwa mlima unatungoja.

Anayeujua Longonot anajua kwamba njia ya kutoka langoni hukufikisha kwanza kwenye ukingo wa kreta, yaani shimo kubwa la volkano, na kwamba kilele chenyewe, Kilele Ngamia, chenye mita 2,776, kiko ng'ambo, nawe hukifikia kwa kuufuata ukingo huo unaopanda na kushuka bila huruma. Tulifika ukingoni tukiwa na vumbi hadi kwenye kope, tukautazama msitu uliojificha chini shimoni, tukanywa maji. Hapo kiongozi akaketi juu ya jiwe, akawaambia vijana wapige picha haraka kwa sababu kilele tumekimaliza. Nilimwonyesha kwa kidole, nikamuuliza kwa adabu kama kilele si kile kinachoonekana ng'ambo. Aliwatazama vijana kwanza, akacheka, ndipo akanijibu: "Mathe, kwani hapa si juu?"

Mathe ni jina ninaloitwa na wanangu wanapotaka pesa; huyu nilikuwa nimeshamlipa.

Kwa haki niseme kwamba kuuzunguka ukingo ule, ambao una zaidi ya kilomita saba, baada ya kutoka korongoni, si kazi ya mchana mmoja kwa kundi lenye watu wa kila namna, na huenda saa zilikuwa zimetuishia kweli. Angetuambia hivyo ningemwelewa, tena ningeshuka kwa moyo mweupe. Lakini aliamua kuniambia kwamba macho yangu yananidanganya, mbele ya watu ambao hawakuwahi kufika pale na ambao walirudi Nakuru wakiwatangazia jamaa zao kwamba wamepanda Longonot hadi juu kabisa.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwapa nyota tatu kwa ajili ya korongo. Sasa nakumbuka kwamba yule kijana hakuwa mtu wao: tulimkuta pale, tukamlipa kutoka mifukoni mwetu, na korongo nalo hawakulichimba wao. Nyota moja basi, ya dereva, aliyeendesha kwa utulivu na kutusubiri bila kununa.

Hata hiyo nilikaribia kuifuta wiki iliyofuata, waliponitumia kwa WhatsApp cheti chenye jina langu kamili, kinachothibitisha kwamba nimefika kilele cha Longonot, mita 2,776. Niliwajibu kwamba sikufika, na wao wanajua kwamba sikufika, nikaomba nirudishiwe sehemu ya pesa. Jibu lao lilikuwa kunipunguzia bei ya safari nyingine, ya kwenda Menengai, kreta nyingine iliyo karibu na Nakuru. Nafikiria kuikubali, kwa maana Menengai gari hufika hadi kwenye ukingo, na kiongozi wao ataweza kukaa kwenye jiwe lake bila kumdanganya mtu.