Kuboresha gari-nyumba la kilo 3,500: kila kifaa na uzito wake

Mwezi wa Machi mwaka jana tulinunua gari-nyumba letu la kwanza hapa Leicester, hili ambalo wenyeji huliita motahomu, likiwa limetumika miaka mitatu na mtu ambaye, kwa kuangalia magodoro yake tu, ilionekana hakuwa akipenda kulala nje ya kwake. Lina urefu wa mita 6.99, vitanda vinne, viti vinne vyenye mikanda, jiko la gesi, choo na bafu, na limejengwa juu ya gari la mizigo la Fiat Ducato lenye ukomo wa kilo 3,500, yaani gari pamoja na kila kilichomo. Baada ya kukaa nalo msimu mzima na kulifanyia mabadiliko kadhaa, naandika tathmini ya vifaa tulivyovifunga na ya gereji iliyotufungia. Kila kifaa nimekipima kwanza kwa kilo, ndipo nikaangalia bei, kwa kuwa kwenye gari la aina hii kilo ndizo zinazokwisha mapema.

Ukomo huo wa kilo 3,500 una uzito wa pekee kwetu tuliotoka Afrika Mashariki. Waingereza waliofaulu mtihani wa gari dogo kabla ya tarehe 1 Januari 1997 walipewa pia ruhusa ya kuendesha magari ya hadi kilo 7,500, kwa hiyo mzee wa jirani anaweza kununua gari-nyumba zito kuliko langu bila kujiuliza. Leseni za Kenya, Tanzania na Uganda hazibadilishwi hapa. Unaruhusiwa kuitumia ya kwenu kwa miezi 12 tangu uwe mkazi, kisha unafanya mtihani upya, na leseni unayopata ni ya daraja B, ambayo kwa gari la dizeli kama letu haivuki kilo 3,500. Anayetaka zaidi ya hapo hupimwa afya na daktari, kisha hufanya mitihani ya daraja la C1, lile la magari ya hadi kilo 7,500. Nimejipangia kuifanya siku moja, lakini kwa sasa gari langu lisizidi hata kilo moja.

Muuzaji alitwambia gari linaweza kubeba kilo 480, na kitabu cha gari kilimuunga mkono: uzito wa gari tayari kwa safari uliandikwa 3,020. Tatizo ni kile kinachohesabiwa na kile kisichohesabiwa. Hesabu hiyo ya kiwandani humweka dereva wa kilo 75 na dizeli ya asilimia 90 ya tenki, inaruhusiwa kupishana na uhalisia kwa asilimia 5, na haijumlishi vitu vya ziada alivyoagiza mnunuzi wa kwanza. Hata maji huhesabiwa kwa namna tofauti, kwani wapo watengenezaji wanaoandika lita 20 tu kwa tenki linalochukua lita 100. Kwa hiyo kabla sijanunua chochote nililipeleka gari kwenye mizani ya lori iliyo wazi kwa umma, nikalipa pauni 15, nikiwa peke yangu kwenye usukani, dizeli imejaa, mtungi mmoja wa gesi, na tenki la maji likiwa tupu. Karatasi ilisoma kilo 3,160.

Zilibaki kilo 340. Mke wangu na watoto wawili ni kilo 153, maji yakijaa ni kilo 100, na zinazobaki 87 ndizo za mashuka, nguo, vyombo, chakula, viti vya kukalia nje na baiskeli. Kwa maneno mengine, gari lilikuwa limeshajaa kabla hatujaanza kuliboresha. Pauni 15 hizo ndizo fedha nilizozitumia vizuri kuliko zote nitakazozitaja hapa, na ningemshauri mnunuzi yeyote azitumie kabla ya kulipa bei ya gari lenyewe.

Uboreshaji wa kwanza, na ndio uliotufaa kuliko yote, ulikuwa wa betri. Gari lilikuja na betri mbili kavu za ampea-saa 95 (kipimo cha umeme ambao betri huhifadhi), kilo 26 kila moja, zikiwa chini ya kiti cha abiria wa mbele. Betri za namna hiyo zinapendekezwa zisitumiwe zaidi ya nusu, la sivyo maisha yake hufupika, hivyo kilo 52 zilikuwa zinanipa ampea-saa 95 tu za kutumia. Nilizitoa zote mbili nikaweka betri moja ya lithiamu, ile ya fosfeti ya chuma, yenye ampea-saa 100 na uzito wa kilo 12, ambayo karibu yote inatumika. Nikaongeza chaja inayokaa kati ya altaneta (dinamo ya injini) na betri, yenye uzito wa kilo 2 hivi, kwa sababu altaneta za magari ya kisasa hupunguza chaji kadiri kompyuta ya gari inavyotaka, na betri ya lithiamu ikiachwa iunganishwe nayo moja kwa moja ama haijai vizuri ama inailazimisha altaneta kufanya kazi hadi ichemke. Nilipunguza kilo 38 bila kupoteza umeme wowote. Bei ndiyo inayouma, kwani betri, chaja na ufundi vilinigharimu pauni 890.

Kasoro yake nimeiona kwa macho. Betri hizi hazipaswi kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi sifuri, na ile yenye ulinzi mzuri hukataa yenyewe. Asubuhi moja ya Januari gari likiwa uwanjani kwetu, barafu imeganda juu ya kioo cha mbele, jua limetoka na paneli ya sola inazalisha, kioo kidogo cha betri kiliandika kwamba chaji imefungwa, na kikabaki hivyo hadi nilipowasha hita kwa karibu saa nzima. Anayesafiri majira ya baridi anunue ile yenye kipasha joto cha ndani. Mimi sikuinunua kwa ubahili, na sasa ninajua.

Kwa upande wa sola nilitakiwa kuchagua kati ya paneli laini inayogundishwa juu ya paa, kilo 3 hivi, na paneli ngumu ya fremu ya alumini ya wati 120, ambayo pamoja na vishikizo vyake ilifika kilo 10. Ungetegemea mtu anayelia kilo achague ile laini. Nilichagua ngumu, kwa sababu paneli iliyogundishwa haina hewa chini yake, huchemka, na paneli iliyochemka huzalisha kidogo na huchakaa mapema. Kilo 7 hizo sijazijutia.

Turubai la pembeni, lile linalojikunja ndani ya kasha la alumini, lilikuwa limeshafungwa na mnunuzi wa kwanza, nalo lilikuwa na kilo 30 pamoja na vyuma vyake. Nililitoa na kuliuza. Badala yake tuna kipande cha turubai chenye nguzo mbili, kilo 6, kinachochomekwa kwenye reli ya ubavuni na kuchukua dakika kumi kukisimamisha kama hakuna upepo. Kukiwa na upepo hakisimami kabisa. "Baba Aisha, umeuza kivuli changu," mke wangu huniambia kila tunapofika mahali penye jua, na kwa Uingereza nashukuru si mara nyingi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nusura linipite. Tulipojiandaa kwa safari ya kwanza ndefu, kwenda Wales, tulifunga kibebea baiskeli nyuma ya gari, tukaweka baiskeli mbili za umeme, tukapakia kila mtu alichotaka, na nikarudi kwenye mizani nikiwa na familia yote ndani na lita 20 za maji. Karatasi ilisoma 3,490. Nilifurahi kiasi cha kumpigia simu mjomba wangu kule Kaloleni, aliyeendesha lori kati ya Mombasa na Kampala kwa miaka mingi na anayeijua mizani ya Mariakani kuliko anavyoijua sebule yake. Hakunipongeza. Aliuliza swali moja: "Mjomba, ekseli ya nyuma imesomaje?"

Ekseli ya nyuma, yaani mhimili unaobeba magurudumu ya nyuma, ilikuwa imesoma 2,020. Bamba la uzito la gari langu, lile la kiwandani, linaruhusu kilo 1,850 mbele na 2,000 nyuma, na jumla yake isizidi 3,500. Jumla ilikuwa halali na ekseli haikuwa halali, na kwa sheria kila kimoja ni kosa linalojitegemea. Sababu yake ni mkia. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna mita 4.035, lakini nyuma ya ekseli ya pili gari linaendelea kwa zaidi ya mita mbili, na chochote kinachoning'inia kule hufanya kazi kama mtoto mnene aliyekaa ncha moja ya bembea. Kibebea baiskeli chenye kilo 14 na baiskeli mbili za kilo 23 kila moja ni kilo 60 kwenye mizani ya dukani. Vikiwa mita 2.3 nyuma ya ekseli, vinaikandamiza kwa karibu kilo 94, na hizo 34 za ziada zinatoka mbele, ambako ndiko magurudumu yanakovuta gari. Ndiyo maana magari haya, yakiwa yameelemewa nyuma, hukwama kwenye nyasi zilizolowa za viwanja vya kambi huku tairi za mbele zikizunguka bure. Hapo ndipo nilipoona pia kwamba kilo 38 nilizookoa kwenye betri zilikuwa chini ya kiti cha mbele, kwa hiyo zilisaidia jumla na ekseli ya nyuma haikupata ila nafuu ndogo tu.

Hatukuacha baiskeli. Tulishusha vitu vya kilo 20 kutoka buti ya nyuma: jiko la mkaa, mchele wa kilo 10 (kana kwamba Wales haiuzwi mchele), na kisanduku cha spana nisizojua kuzitumia. Vingine vya kilo 50, yaani makopo, chupa za maji ya kunywa na viti, tulivihamishia chini ya makochi ya katikati, kati ya ekseli mbili. Mbuzi ya kukunia nazi ilibaki, kwa amri. Mizani ya tatu ilisoma 3,470 kwa jumla, mbele 1,520 na nyuma 1,950, na hivyo ndivyo tunavyosafiri hadi leo. Maji tunajaza tukishafika.

Kuhusu mifuko ya hewa inayosaidia springi za nyuma, hapa nina neno na gereji. Fundi wa mapokezi alinieleza kwamba nikiifunga "gari litabeba zaidi", na nikaifunga kwa pauni 460. Kwa mwendo ni kifaa kizuri: gari limeacha kuyumba lori linapotupita kwenye barabara kuu, na nyuma halijainama tena kama punda aliyechoka. Lakini ukomo haubadiliki kwa kufunga kifaa, unabadilika kwa bamba jipya na kadi ya gari iliyorekebishwa, na kwa gari langu ukomo huo ungeweza kupandishwa hadi kilo 3,850, kwa kuwa ndiyo jumla ya ekseli zake mbili, na leseni yangu ingenifungia mlango siku hiyo hiyo. Nilichopata kisheria ni kilo 10 za vyuma vya ziada kwenye ekseli ile ile ya nyuma. Maneno kama yale yanaweza kumponza mtu, kwa sababu askari wa barabarani hapa hutoza pauni 100 hadi 300 kulingana na kiasi ulichozidi, wanaweza kulizuia gari lisiondoke mpaka lipunguzwe, na ukizidi asilimia 30 unapelekwa mahakamani.

Kiyoyozi cha juu ya paa tulikikataa bila mjadala mrefu. Ni kilo 30 na zaidi, zimekaa mahali pa juu kabisa pa gari, kwa ajili ya wiki mbili za joto kwa mwaka. Feni ya kilo 1 inatutosha. Tairi nazo nilizibadilisha kwa za Michelin zilizotengenezwa kwa magari ya kambi, zenye alama ya CP ubavuni, ambazo nyuma zinajazwa upepo hadi baa 5.5. Haziongezi uzito wa maana, ila safari kwenye lami mbovu imekuwa ngumu kidogo na sahani kabatini zinapiga kelele.

Gereji yenyewe naipa alama mbili tofauti. Kazi ya umeme ilikuwa safi, nyaya zimefungwa kwa mpangilio, kila fyuzi imeandikwa jina lake. Walisahau jambo moja, kubadilisha mpangilio wa kidhibiti cha sola kutoka betri ya kawaida kwenda lithiamu, na usiku wa pili huko Wales betri ilijifunga yenyewe tukabaki tunakula kwa tochi ya simu. Niliporudi walirekebisha siku hiyo hiyo bila kunitoza, wakaomba radhi. Kwa betri na sola nitarudi kwao. Kwa suala la uzito, nimemwomba yule fundi wa mapokezi anioneshe kwa maandishi mahali panaposema mifuko ya hewa inaongeza ukomo wa gari, na huu ni mwezi wa nne nasubiri barua yake.