SumatraPDF kwa mashine za saiba: ipeni PDF zote, isipokuwa fomu

Kazi ya saiba hapa Kawangware ni PDF kutoka asubuhi hadi jioni. Huyu anataka cheti cha PIN ya KRA, yule good conduct kutoka eCitizen, mwingine taarifa ya M-Pesa ya kupeleka sacco akaombe mkopo. Watu wakipanga foleni, programu inayojivuta kufungua faili inakufukuzia wateja. Ndiyo maana mashine zangu zote zinafungua PDF kwa SumatraPDF, na sioni nikiibadilisha.

Ni ya bure, imekuwepo tangu 2006, na kuipakua hakumalizi bando. Mashine zangu ni ex-UK zenye RAM ya GB 4, na hata hapo ukibofya faili, ukurasa uko mbele yako. Haina matangazo wala haikudai ufungue akaunti. Taarifa ya M-Pesa huja imefungwa kwa nenosiri: kisanduku kinatokea, mama anasoma namba kwenye SMS yake, naiandika, nabonyeza Ctrl na P, karatasi zinatoka. Wanafunzi wanaokuja na vitabu vya ePub kwenye flash, inawafungulia pia.

Sasa, kuisakinisha tu hakutoshi kuifanya iwe ndiyo inayofungua PDF zako zote, na hapa ndipo wengi huikatia tamaa bure. Kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012, mfumo umelifunga jambo hili makusudi ili programu isijitwalie faili zako bila wewe kusema. Usipochagua, Windows 10 na 11 hupeleka PDF kwa Edge, kivinjari chake. Bofya faili yoyote ya PDF kwa kitufe cha kulia cha mausi, nenda “Open with”, kisha “Choose another app”, chagua SumatraPDF. Kwenye Windows 11 malizia na “Always”; kwenye Windows 10 weka tiki kwenye kisanduku kinachosema itumike kila mara. Ukibonyeza “Just once” umefungua hiyo moja tu. CV za .docx nazo unaziwekea programu yake kwa njia hiyo hiyo.

Ukiwa hapo, fungua folda, bonyeza “View”, halafu (kwenye Windows 11) “Show”, uwashe “File name extensions”. Windows huficha herufi za mwisho wa jina la faili, kwa hiyo kirusi kinachoitwa risiti.pdf.exe kwenye flash ya mteja kitaonekana kama risiti.pdf. Kwa saiba, hili si la kuahirisha hata siku moja.

Upungufu wake ni mmoja mkubwa: haijazi fomu. Mteja akileta fomu ya PDF yenye nafasi za kuandika, naifungua kwa Acrobat Reader, na hapo “Just once” ndiyo ya kubonyeza. Kama ofisi yako inashinda ikijaza fomu na kuweka sahihi za kidijitali, basi Acrobat ndiyo iwe ya kwanza.

Pakueni kutoka tovuti yake yenyewe, sumatrapdfreader.org. Wenye kompyuta za kazini ambazo haziruhusu kusakinisha kitu, chukueni ile ya “portable”. Inakaa kwenye flash na inafanya kazi kutoka huko huko.